Yuko Nyumbani, Lakini Yuko Kazini

Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu, Houston, Texas, Oktoba 2025



Tulianza Oktoba 2015 tukiwa akina mama 12, tumekaa sakafuni katika sebule ya mwenzetu mmoja, kila mtu na dola 40 zake mkononi. Tulitoka Kigoma, Tanga, Mombasa, Bujumbura, Uvira na Bukavu. Kilichotuunganisha ni Kiswahili na shida. Leo tumejaza ukumbi huu, na chakula mnachokinusa kimepikwa kwa pesa zetu wenyewe.

Ndugu zangu, hotuba za siku kama hii huwa ni za kuhesabu. Tulianza wangapi, tuko wangapi, tumeweka kiasi gani. Hesabu hizo Mweka Hazina amekwisha kuzisoma, na zitachapwa katika kijitabu chetu. Mimi nimeomba nizungumzie mkopo mmoja tu kati ya yote tuliyoitoa kwa miaka kumi. Ulikuwa mkopo wa dola 2,800, wa binti aliyetaka kujifunza kazi ambayo mimi sikuijua. Mimi Mwenyekiti wenu niliukataa. Nataka mjue nilikosea wapi, na pia niliogopa nini, kwa sababu mabinti wengine watakuja na maombi kama lile.

Mimi elimu yangu ni ya darasa la saba. Nitaeleza kama nilivyoelezwa, na nikikosea wajuzi watanisahihisha.

VITI VILIVYOBAKI VITUPU

Wengi mnajua kwamba nafanya usafi hospitalini, zamu ya usiku, katika lile eneo lenye hospitali nyingi liitwalo Texas Medical Center. Ghorofa niliyopangiwa zamani ilikuwa na chumba kikubwa cha ofisi chenye meza kama thelathini. Jioni nilipoingia na ndoo yangu niliwakuta wachache bado wamekaa, wengi wao akina mama, kila mmoja na skrini mbili mbele yake na vitabu vinene kama Biblia, vimebandikwa vikaratasi vya rangi pembeni. Hawakuvaa makoti meupe, hawakushika sindano. Nikawa najiuliza, hawa ni watu gani wa hospitali wasioonana na mgonjwa hata mmoja?

Machi 2020, korona ilipoingia, wakaambiwa wachukue kompyuta zao waende nyumbani. Nilidhani watarudi baada ya wiki mbili. Hawakurudi. Nilipangusa vumbi kwenye viti vitupu zaidi ya mwaka mzima, mpaka siku moja viti vyenyewe vikatolewa. Nikamwuliza msimamizi wangu, je, wale wamefukuzwa? Akacheka. Akasema, "Hapana mama, wanafanya kazi ile ile, ila wako majumbani kwao."

Jamani, kwangu hilo lilikuwa jambo la ajabu. Mimi ndoo yangu siwezi kwenda nayo nyumbani.

KAZI YENYEWE NI NINI

Kazi hiyo wenyewe wanaiita koding, na mfanyakazi wake ni koda. Niliposikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya kodi ya nyumba.

Ni hivi. Daktari akishamwona mgonjwa huandika maelezo yake: mgonjwa analalamika nini, amepimwa nini, amefanyiwa nini. Lakini bima haisomi hadithi. Bima hulipa kwa namba. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusoma maelezo ya daktari na kuligeuza kila gonjwa na kila tiba kuwa namba yake. Mtu huyo ndiye koda.

Presha ya kawaida, kwa mfano, ni I10. Kisukari cha aina ya pili ambacho hakijaleta madhara mengine ni E11.9. Goti la kulia lililolika kwenye maungio ni M17.11, na la kushoto ni M17.12. Hata kudonolewa na kuku kuna namba yake, W61.33. Nilipoambiwa hilo nilicheka mpaka machozi. Nikasema kumbe utoto wangu wote ungejaza faili.

Kitabu hicho cha magonjwa kinaitwa ICD-10-CM, na kina namba zaidi ya 70,000. Kile kilichotangulia kilikuwa na kama 14,000 tu. Marekani ilianza kukitumia kitabu kipya tarehe 1 Oktoba 2015, yaani mwezi ule ule sisi tulipokaa sakafuni na dola zetu 40. Binti yetu hupenda kusema kwamba kikundi na kitabu ni mapacha. Na kila tarehe 1 Oktoba hutoka namba mpya na nyingine hufutwa, kwa hiyo koda haachi kusoma mpaka anastaafu. Kipo kitabu kingine kiitwacho CPT, cha Chama cha Madaktari wa Marekani, ambacho kinahesabu kazi aliyofanya daktari. Hicho nacho hubadilika kila Januari.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1893 Mfaransa aliyeitwa Jacques Bertillon alipeleka kwenye mkutano wa Chicago orodha ya sababu za vifo, ili nchi zote zihesabu kwa lugha moja. Tangu 1948 orodha hiyo iko mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Na ninyi mliofanya kazi kwenye zahanati zetu Tanzania mnavikumbuka vile vitabu vya MTUHA, vya kujaza kila mwezi: malaria wangapi, kuhara wangapi, watoto chini ya miaka mitano wangapi. Ni ukoo mmoja.

Mtu anaweza kuniuliza, Mwenyekiti, haya yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwenye bili. Namba moja ikikosewa, bima hulirudisha dai, na mwisho bili humwangukia mgonjwa. Mwaka 2023 mwenzetu mmoja alikwenda kupimwa afya ya kila mwaka. Upimaji huo, kwa sheria ya bima ya 2010, bima nyingi zinalipia bila mgonjwa kuchangia. Akaletewa bili ya dola 214. Alikuja nayo kwenye mkutano akiwa amekwisha kukata tamaa, yuko tayari kulipa. Binti yetu akamwambia, "Mama, usilipe kwanza. Piga simu, omba bili yenye mchanganuo, uliza kwa nini hawakuandika upimaji wa kawaida, namba Z00.00, halafu omba waipitie upya." Baada ya wiki sita bili ikafutwa. Siku hiyo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba ujuzi ule umeingia ndani ya kikundi.

MKOPO NILIOUKATAA

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Lakini kabla ya kosa kulikuwa na jeraha.

Mwishoni mwa 2020 mwenzetu mmoja alipata ujumbe kwenye simu. Eti kuna kazi ya kuingiza taarifa za wagonjwa, ukiwa nyumbani, bila mtihani, bila uzoefu, dola 35 kwa saa. Usaili ulifanyika kwa kuandikiana ujumbe tu. Hakuona uso wala hakusikia sauti ya mtu. Siku mbili baadaye wakamwambia amepata kazi, wakamtumia hundi ya dola 2,950 ya kununulia meza na kompyuta. Aiweke benki, abaki na 550, na 2,400 azitume kwa "muuzaji wa vifaa". Akatuma. Baada ya siku kadhaa benki ikasema hundi ni ya uongo na fedha zote zinadaiwa kwake. Yule muuzaji wa vifaa mpaka leo hajulikani.

Kikundi kilimkopesha akalipa benki. Alimaliza kutulipa baada ya miezi 20, na katika miezi hiyo alikuwa akiingia mkutanoni ameinamisha kichwa kana kwamba yeye ndiye mwizi. Mimi nilikasirika mno. Nikatamka mbele ya wote kwamba, maadamu mimi ni Mwenyekiti, hakuna mkopo wa kazi za kompyuta za nyumbani.

Sikujua kwamba Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani, ile FTC, imekuwa ikionya watu juu ya mchezo huo kwa miaka mingi. Shikeni hili mlipeleke nyumbani: mwajiri wa kweli hakutumii hundi akakuambia uiweke benki kisha urudishe sehemu. Wala hakutozi pesa ili akuajiri. Ukisikia hivyo, funga simu.

Basi, Januari 2021, kidonda kikiwa bado kibichi, akasimama binti mmoja. Ameniruhusu nisimulie, ila jina lake nimelihifadhi. Alikuwa anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, anawageuza vitandani na kuwaogesha, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Ana watoto wawili na analea peke yake. Akaomba dola 2,800 za masomo, vitabu na mtihani wa ukoda. Akaeleza vizuri, ana karatasi zote. Mimi sikuzisoma. Nikamwambia mbele ya watu, "Mwanangu, kazi ya kukaa nyumbani hailipi mtu. Kaa chini."

Akakaa. Baadaye nikasikia ameanza kununua vitabu kwa kadi ya benki yenye riba ya zaidi ya asilimia 20. Kikundi kilichoundwa ili mwanamke asiende kwa wakopeshaji wa riba kilimfukuzia huko huko, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Juni mwaka ule Mweka Hazina akaliweka jambo mezani tena, safari hii kwa kura. Wanachama 19 wakakubali, wanne tukakataa. Nikashindwa. Mkopo ukatolewa, na mimi nikatia sahihi kwa mkono mzito.

HERUFI A

Mtihani alioufanya ni wa chama kiitwacho AAPC, na cheti chake kinaitwa CPC. Ni maswali 100 kwa saa nne. Unaruhusiwa kuingia na vitabu vyako, na bado watu wanafeli, kwa sababu asiyejua njia ndani ya kitabu muda humwishia. Kupita ni kupata 70. Kipo na chama kingine, AHIMA, ambacho kina cheti chake cha wanaoanza, kiitwacho CCA. Chochote utakachochagua, lazima ujue viungo vya mwili na maneno ya kidaktari. Dada zetu wa Kongo na Burundi mliosoma kwa Kifaransa mna nafuu hapo, maana maneno mengi ya ugonjwa yanafanana.

Binti yetu alifeli mara ya kwanza kwa maswali sita. Akapita mara ya pili, Februari 2022. Tulipiga vigelegele hapa. Tulidhani tumefika.

Hatukujua habari ya herufi A. Cheti cha anayeanza huandikwa CPC-A, na A hiyo maana yake ni mwanagenzi. Mpaka uthibitishe kwamba umefanya kazi miaka miwili, au mwaka mmoja pamoja na masomo ya saa 80, ndipo herufi inaondolewa. Na matangazo mengi ya kazi za nyumbani yanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Sasa uzoefu utaupata wapi kama kila mlango unataka uzoefu?

Miezi kumi alituma maombi. Alikuwa ananiletea hesabu: hamsini, themanini, mia na kumi. Majibu yalikuwa yale yale, au kimya. Marejesho yakaanza kuchelewa. Watu wakaanza kunong'ona, "Mwenyekiti alisema." Nami, Mungu anisamehe, niliposikia hivyo moyoni nilifurahi kidogo. Naomba mnielewe. Binti alikuwa anazama, na mama yake wa kikundi amesimama ufukweni anafurahi kwamba alitabiri mawimbi.

Kilichomwokoa ni kuacha kutafuta kazi ya nyumbani. Desemba 2022 alipata kazi katika kliniki ndogo, kupokea wagonjwa, kuandika bima zao na kufuatilia madai yaliyorudishwa. Dola 17 kwa saa, na dakika 50 njiani kila asubuhi. Watu wakasema, je, kwa hiyo ndiyo alikopa 2,800? Lakini pale mapokezi ndipo alipojifunza kwa nini dai hurudishwa. Daktari wa pale akaanza kumpa namba chache azipitie. Mwanzoni mwa 2024 herufi A ikaondoka. Katikati ya mwaka huo kampuni inayoshughulikia madai ya hospitali ikamwajiri kama koda wa ngazi ya chini, akifanya kazi nyumbani kwake. Machi 2025 alimaliza mkopo wetu, mpaka senti ya mwisho.

Kuhusu mshahara nisiwadanganye, maana matapeli wanapita hapo. Takwimu za serikali za Mei 2023 zilionyesha kwamba katika wafanyakazi wa kumbukumbu za matibabu nchini humu, nusu walipata zaidi ya dola 48,780 kwa mwaka na nusu walipata chini ya hapo. Anayeanza yuko kwenye ile nusu ya chini. Ni riziki nzuri kwa mwenye mgongo mbovu na watoto wawili. Utajiri sio.

MLANGO ULIOFUNGWA

Mwezi wa nane nilikwenda kumtembelea saa nne asubuhi. Mtoto akanifungulia, akaniambia, "Bibi, mama yuko nyumbani lakini yuko kazini." Nikakaa jikoni. Mlango wa chumba umefungwa kwa ufunguo. Nilimsubiri saa moja na nusu mpaka alipotoka kunywa maji, na hata hapo tulizungumza dakika tano.

Kwanza nilijisikia vibaya. Kwetu mgeni hasubirishwi jikoni. Lakini alinieleza na nikaelewa. Faili za wagonjwa zinalindwa kwa sheria ya 1996 inayoitwa HIPAA. Kwa hiyo skrini yake haielekei dirishani wala mlangoni. Hachapishi karatasi. Simu haipigi picha mle ndani, na vile vidude vya kuongea navyo nyumbani amevitoa chumbani. Kompyuta ni ya kampuni, watoto hawaigusi. Kila siku ana idadi ya faili za kumaliza, na kila mwezi mkaguzi huchukua baadhi ya faili na kupima makosa. Kwake wanataka asilimia 95 ziwe sahihi. Akishuka chini ya hapo anaandikiwa barua.

Wala asidhani mtu kwamba ataichukua kompyuta aende akafanyie kazi Dar es Salaam au Bukavu. Waajiri wengi hawaruhusu faili za wagonjwa kufunguliwa nje ya Marekani. Shangazi yake alipofariki mwaka huu alikwenda kuzika kwa likizo, siku zake za malipo zikaisha, na siku nne za mwisho hakulipwa.

Lipo na gumu zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu linatuhusu sisi. Watu wa jamii yetu wamemfuata wakimwambia, "Hebu tuangalizie shemeji anaumwa nini, mbona anakonda?" Akakataa. Wakamwita mwenye maringo. Ndugu zangu, kufungua faili lisilo la kazi yako ni kosa la kufukuzwa, na kompyuta inaandika nani amefungua nini na saa ngapi. Lakini tuache habari ya kufukuzwa. Ingekuwa ni faili lako wewe, ungependa lifunguliwe kwa ajili ya soga za harusini? Yeye ametunza siri za watu asiowajua. Sisi tulitaka azivunje kwa ajili ya udaku.

Na wale wanaosema "hana kazi, kutwa yuko ndani" nao wanamwumiza. Wanamletea watoto awaangalizie. Wanamtaka aende uwanja wa ndege kupokea wageni saa tano asubuhi, kwa kuwa yuko nyumbani. Tukubaliane leo kwamba mlango ule ukifungwa, tumhesabu yuko kazini, kama mimi ninavyokuwa kazini na ndoo yangu. Akitoka saa kumi, hapo ni dada yetu. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba kitu kinachomsumbua kuliko macho na mgongo ni upweke. Siku nzima anasoma maumivu ya watu, na hana wa kumwambia hata habari za asubuhi. Mkutano wetu wa Jumamosi ndiyo siku anayosikia sauti za watu. Kwa hiyo hata kelele zetu zina faida.

TUNACHOPENDEKEZA

Kamati yenu imekaa mara tatu juu ya jambo hili, nasi tunaleta mapendekezo haya ili mkutano wa Novemba uyapigie kura.

Kwanza, uanzishwe mfuko wa mikopo ya ufundi, wa watu wawili kwa mwaka, tuanze na hao. Uwe kwa ukoda na pia kwa kazi nyingine za cheti, kama kuchukua damu au kusaidia wafamasia.

Pili, fedha zisiwekwe mkononi. Mweka Hazina alipe masomo, vitabu na mtihani moja kwa moja, baada ya wanakamati wawili kukihakiki chama na chuo. Chuo kinachoahidi kazi ya nyumbani siku ya kumaliza tukipite.

Tatu, na hili ndilo tulilojifunza kwa machozi ya binti yetu: marejesho yaanze miezi 12 baada ya mtihani, au siku atakapopata kazi, lolote litakalotangulia. Mtihani si kazi. Baina ya cheti na mshahara kuna mwaka wa jangwa, na huko ndiko kikundi kinakotakiwa kuwepo.

Nne, mwombaji akubali kwamba kazi ya kwanza inaweza kuwa ya mapokezi, ya bili, au ya kupanga kumbukumbu, na kwamba ataifanya. Wenzetu wenye kazi za hospitali na kliniki tuwasikilizie nafasi hizo. Mimi mwenyewe nimeanza kusoma matangazo ya ubaoni kule ninakosafisha.

Tano, tusimkopeshe mtu kwa ahadi ya maisha yote. Kompyuta zimeanza kupendekeza namba zenyewe, na kazi nyingine za ukoda hupelekwa India na Ufilipino. Binti yetu anasema kazi rahisi ndizo zitakazoondoka kwanza, na atakayebaki ni yule anayeweza kuikagua mashine na kusema hapa umekosea. Kwa hiyo mwombaji atuambie atasoma nini baada ya cheti cha kwanza.

MWISHO

Ndugu zangu, nakaribia kumaliza, naona sahani zinanukia.

Nilipokuwa mdogo mama yangu alikuwa anaweka akiba ya mahindi ya mbegu kwenye dari, juu ya moshi wa jiko. Hata njaa ilipouma hakuruhusu mtu kuyagusa. Lakini msimu ulipofika aliyashusha na kuyafukia yote ardhini, bila kujua kama mvua itanyesha. Mimi katika miaka hii kumi nimekuwa hodari wa kulinda mbegu darini. Kushusha nikawa mwoga. Yule mwenzetu aliyetapeliwa alitufundisha kulinda, na binti huyu ametufundisha kupanda. Tunawahitaji wote wawili, na naomba wote wawili waheshimiwe sawasawa humu ndani.

Na wewe mwanangu, uliyekaa meza ya tatu na umeanza kuinamisha kichwa, inua kichwa. Januari 2021 nilikukatalia mbele ya watu, nikakuambia ukae chini. Kwa kuwa nilikosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele ya watu. Naomba usimame, ili wanakikundi na wageni wetu wakuone.

Tunawashukuru wote waliotuunga mkono tangu mwanzo: waliotupa ukumbi bure, waliotusomea barua za Kiingereza, waliotuchangia wakati wa kimbunga Harvey mwaka 2017, na akina baba waliobaki na watoto siku za mikutano. Mungu awabariki.

Kikundi chetu kidumu.